Benchi la Watoto Kumi

Jumamosi iliyopita Claudine, mwenzenu wa kituoni, alikuja kwangu Buyenzi na futi ya fundi mkononi. Hakuja kuniona mimi, alikuja kuona benchi. Mnalijua: ni lile mlilonipa siku ya kuniaga nilipostaafu, baada ya kulipaka rangi upya na kuzichora tena namba zake, moja hadi kumi. Siku ile nililia, mkadhani ni furaha. Claudine akanieleza kwamba mkuu mpya wa kituo amepata barua. Wafadhili wanapunguza pesa, Leta, serikali yetu, itabidi inunue chanjo nyingi zaidi kwa mfuko wake, na kila dozi itaulizwa imekwenda wapi. Mkuu amesikia kuwa zamani kituo chetu kilikuwa na dawa ya tatizo hilo, iliyoitwa benchi la Mama Hadija. Fundi ameshapatikana. Kilichobaki ni vipimo.

Nilimpa Claudine chai na sambusa. Vipimo sikumpa. Nilimwambia nitawaandikia nyote, naye akacheka, maana anajua hata ripoti ya mwezi nilikuwa naiandika huku nalalamika. Basi someni polepole. Vipimo mtavikuta mwishoni.

Niliingia kazini kabla ya vita, msichana mwembamba, mkitaka kuniamini. Nilikuwa nimesomea uuguzi na nilidhani nitavaa nguo nyeupe na kushika sindano tangu asubuhi ya kwanza. Badala yake nilipelekwa kwenye chumba kidogo cha nyuma, chenye harufu ya mafuta ya taa, nikakabidhiwa kwa mzee mmoja mfupi aliyekuwa amepiga magoti akichungulia chini ya friji. Huyo alikuwa Mzee Silvesta, mtunza baridi wa kituo. Hakuinuka kunisalimu. Alikuwa anakata utambi; friji ile ilitumia mafuta ya taa.

"Njoo uone moto," akaniambia. "Ukiwa bluu, dawa iko salama. Ukiwa wa njano, unapika masizi."

Nilichungulia. Ulikuwa bluu. Kisha akaniambia nifungue mlango wa friji, niangalie, nifunge. Nikafanya hivyo.

"Umeona nini?"

"Nimeona dawa, mzee."

"Apana. Umetoa baridi. Ni baridi ya Leta hiyo, we umeimwaga chini." Akanionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa nje, imechorwa kila rafu na kilichomo. "Kwanza unasoma hapa. Unajua unachotaka, ndiyo unafungua. Mara moja asubuhi, mara moja jioni. Friji si kabati ya nguo."

Kwa wiki mbili za kwanza sikumgusa mtoto hata mmoja. Nilisoma kipima joto asubuhi na jioni, nikaandika. Kati ya mbili na nane, hapo ndipo chanjo inapoishi. Nilijifunza kwamba vibarafu, vile vichupa bapa vya maji yaliyogandishwa, haviingii moja kwa moja kwenye sanduku la kubebea chanjo. Vinaachwa mezani mpaka vitoe jasho, na ukikitikisa kimoja usikie maji yakicheza ndani. Nyinyi siku hizi mna friji ya jua yenye kengele inayolia joto likipanda, mnakaa mnaangalia simu. Sisi kengele yetu ilikuwa Mzee Silvesta.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa nia njema, kama makosa yangu mengi. Ilikuwa msimu wa joto, joto lile la Bujumbura ambalo hata ziwa linaonekana limechoka. Niliona huruma kwa chanjo za pepopunda, nikazisogeza mpaka zikagusa ukuta wa barafu ndani ya friji. Nilifikiri baridi zaidi ni nzuri zaidi. Asubuhi Mzee Silvesta alitoa chupa moja, akaichukua na nyingine ambayo alikuwa ameigandisha makusudi, akazitikisa zote mbili na kuziweka juani dirishani. Tukangoja. Zote mbili zilijitenga sawasawa, mabonge chini na maji juu, kama maziwa yaliyokatika.

Chanjo hiyo ikiganda imekufa. Ukimdunga mtoto, unampa maumivu bure. Tulizitoa zote. Mzee Silvesta hakupaza sauti. Alifungua daftari kwenye safu ya dozi zilizotupwa, akanipa kalamu.

"Andika hesabu. Sasa andika jina lako."

"Jina langu, mzee?"

"Leta imenunua, we umeua. Watu wanalipa kodi mpaka mama mwenye kibao cha nyanya. Kwa hiyo andika jina."

Niliandika Hadija, kwa herufi ndogo sana. Sikulala usiku huo, na tangu siku hiyo nikawa mtu mwenye hofu ya ile safu. Nataka mlielewe hili, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Hofu ile ilinifanya mfanyakazi mzuri kwa miaka mingi. Wakati wa vita, njia zilipofungwa, mimi na Mzee Silvesta tulikuwa tunakwenda kuchukua chanjo ghalani kwa baiskeli yake, sanduku limefunikwa kitenge changu kilichoroweshwa maji. Askari kwenye kizuizi anauliza mmebeba nini, mzee anajibu, "Baridi." Hatukupoteza chupa hata moja. Mzee alipostaafu akaniachia mkasi wa utambi, ingawa friji ya utambi ilikuwa imeshaondolewa.

Sasa nifike kwenye benchi.

Mnajua chanjo ya surua ilivyo. Inakuja unga, na maji yake pembeni. Chupa moja ni ya watoto kumi. Ukishachanganya, ina saa sita za kuishi, baada ya hapo ni ya kutupa hata kama umemchanja mtoto mmoja tu. Siku akija mtoto mmoja unafungua, mmoja anapata, tisa wanaandikwa kwenye ile safu. Miaka hiyo tuliitwa kwenye semina moja, bwana mmoja kutoka juu akatueleza kwa upole kwamba nchi inaazima na kuomba ili kununua hizi chupa, na kila dozi inayotupwa ni mkate uliotolewa mdomoni mwa mtoto mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Niliona anasema na mimi.

Niliporudi nilimwita fundi Rama wa hapa Buyenzi. Akatengeneza benchi refu, mimi mwenyewe nikachora nafasi kumi kwa rangi nyeupe, na namba. Likakaa barazani. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kina mama wenye watoto wa kuchanjwa surua wanakaa kwa namba. Benchi likijaa, nafungua chupa. Lisipojaa mpaka saa sita mchana, wanarudi nyumbani, waje siku nyingine ya chanjo. Kina mama walilizoea haraka. Walikuwa wanahesabiana wenyewe, wakiona wako wanane wanamtuma mmoja akamwite jirani. Kulikuwa na kicheko pale barazani. Mtoto akilia, nilikuwa nawatania, mchelea mwana kulia hulia yeye, na wao wananijibu kwamba mimi sindano nachoma kwa roho moja.

Ile safu ya dozi zilizotupwa ikawa nyeupe karibu kila mwezi. Wageni walikuja kutazama, wenye viatu safi na kalamu nzuri. Walilipiga picha benchi, wakalikalia, wakaniuliza nilipata wapi wazo hilo. Mzee Silvesta naye alikuja siku moja kutoka Ngagara alikostaafia, akiwa na fimbo. Nilimwonyesha benchi, nikamwonyesha daftari, nikisubiri sifa zake kuliko za wale wageni wote. Alilitazama mara moja.

"Na wanaorudi, unawaandika wapi?"

"Wanaorudi hawajaharibu kitu, mzee. Watakuja tena."

"Hadija. Mi nilikufundisha kulinda dawa na joto. Sikukufundisha kuilinda na watoto."

Nilicheka. Nilisema moyoni kwamba mzee ameanza kuzeeka vibaya, anaona wivu. Nikamletea fanta. Aliinywa yote, akaniaga vizuri, na hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipofariki. Mungu amrehemu.

Mama Divine alikuja mara ya kwanza siku ya Jumanne. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anafanya kazi ya kuchambua kahawa kwenye ghala moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, kucha zake zina vumbi la kahawa. Anaishi Buterere. Mtoto wake Divine alikuwa na miezi tisa kamili na tabia ya kushika kila kinachong'aa. Alinichomolea kalamu mfukoni kabla sijamaliza kusoma fishi yake, ile kadi ya chanjo. Mama yake akakaa namba nne. Baada yake alikuja mmoja tu. Saa sita ilipofika walikuwa watano, nikawaambia warudi Alhamisi.

Wenzake waliinuka. Yeye hakuinuka.

"Muganga, chef wa ghala amenipa asubuhi moja tu. Tuko wengi pale, akitafuta mwingine anampata."

"Ndiyo utaratibu, mama. Njoo Alhamisi, utakuta benchi imejaa."

Akaondoka. Alhamisi hakuja. Alikuja Jumanne ya pili yake, amechelewa kidogo, ametembea kwa miguu. Akakaa tena namba nne. Sijui kwa nini alipenda nafasi hiyo. Labda ni kwa sababu ya kivuli cha nguzo. Walifika sita. Nilitoka nje mara mbili kuchungulia njia. Wiki iliyokuwa inakuja nilikuwa natarajia wageni wengine, kutoka mikoani safari hii, waje kujifunza. Nilikuwa nimeshalipangusa daftari. Nikiifungua ile chupa, dozi nne zinaandikwa kwenye safu, na jina langu. Nawaambia ukweli, hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya nikiwa nimesimama mlangoni. Dozi nne.

Saa sita nikatoka. Alishaliona jibu usoni kwangu.

"Muganga, usinirudishe tena. Mi natoka Buterere kwa miguu."

"Mama Divine, Leta haina dawa ya kutupa."

"Na mi sina siku ya kutupa," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Wale wengine watano walinitazama, nikajibu kwa ukali ambao sikuuhitaji: hata mimi siwezi kuvunja utaratibu kwa ajili ya mtu mmoja. Walikuwa sita. Divine alikuwa amelala mgongoni, mkono mmoja nje ya kitenge. Mama yake alimrekebisha, akaweka fishi ndani ya nguo, akaenda.

Wageni walikuja, wakafurahi.

Surua iliingia jijini baada ya miezi michache. Baadhi yenu mlikuwepo, mnakumbuka baraza ilivyojaa watoto wenye macho mekundu. Mama Divine hakumleta kwangu mpaka siku ya nne ya homa, na ninadhani najua kwa nini. Mtu akirudishwa mara mbili, hiyo mara ya tatu anafikiri sana. Nilimtambua kwa zile kucha. Divine alikuwa hashiki kitu tena. Kifua kilikuwa kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Niliwaandikia barua ya hospitali, nikamwita kijana wa teksi mwenyewe, nikampeleka mama mpaka mlangoni. Mtoto alikufa siku ya pili yake.

Nilijua kwa sababu nilituma mtu kuuliza. Ningeweza kwenda mwenyewe. Buterere si mbali hivyo. Yeye alikuwa anakuja kwa miguu.

Kisha ikaja kampeni ya dharura. Malori, vipaza sauti, posho za watu, mahema, chanjo nyingi kuliko nilivyowahi kuona. Leta ambayo haikuwa na dawa ya kutupa ikapata ya kumwaga, maana watoto walishakufa na redio ilishasema. Tulifungua chupa asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyeniuliza zilizobaki. Jioni moja nilijikuta nimeshika chupa iliyokuwa na dozi nne, nazitupa, nikakaa chini pale pale mpaka mwenzangu akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo.

Niseme wazi, maana mwaka huu mtayasikia sana haya maneno ya kubana matumizi. Mimi sikuokoa hata dozi moja. Nilizihamisha tu. Nilizitoa kwenye safu ya zilizotupwa nikazipeleka kwenye mahema, kwenye vitanda vya hospitali na kaburini, mahali ambapo daftari langu halifiki. Dozi iliyotupwa ilikuwa na safu yake. Mtoto aliyerudishwa hakuwa na safu. Mzee Silvesta aliliona hilo kwa kutazama mara moja, na mimi nikampa fanta.

Mtauliza, je, baada ya hapo uliliondoa benchi? Hapana. Hapo ndipo aibu yangu kubwa ilipo. Nililegeza kidogo, nikasema wakifika watano nafungua. Lakini namba zilibaki pale, na kina mama waliendelea kuhesabiana. Kuliondoa kungekuwa kukiri, na hakuna aliyekuwa ananishtaki.

Mwaka wa pili, siku ya Jumanne, nilisikia sauti nyingi nje kabla sijasoma hata kipima joto. Nikatoka. Benchi lilikuwa limejaa kuanzia namba moja mpaka kumi, asubuhi hiyo, kina mama wote wana vumbi la kahawa kwenye kucha. Namba nne alikuwa Mama Divine. Alikuwa na mtoto mwingine mapajani, wa kiume, miezi tisa. Watu walikuwa bado wanamwita Mama Divine.

Aliinuka aliponiona. Alikuwa amejiandaa kwa maneno, nafikiri njia nzima.

"Muganga, nimewaleta. Wengine nimewafuata nyumbani kwao, yule wa mwisho mume wake alikuwa anakataa. Nimewahesabu mara mbili. Tuko kumi."

Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa:

"Benchi imejaa. Leo utafungua?"

Niliingia ndani, nikafungua friji bila kusoma karatasi ya mlangoni, nikaiacha wazi nikilia mbele ya rafu. Baadaye nilichanganya chupa nikawachanja wote kumi. Safu ya zilizotupwa ilibaki nyeupe siku hiyo. Mama Divine alishika fishi ya mwanawe kwa mikono miwili akaniambia asante. Asante, mimi. Nilitaka kumwomba msamaha, nikamwambia mtoto akipata homa ampanguse kwa kitambaa cha maji.

Sikumwomba siku hiyo wala siku nyingine. Lile ghala lilifungwa, wakatawanyika, na nilipokuja kumtafuta Buterere niliambiwa amehama. Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao wanne, wote wamechanjwa, na kila wakija wanataka kukaa kwenye benchi wabishane nani namba moja. Nawaambia washuke. Wanadhani bibi anaogopa rangi itachafuka.

Najua mtasema nini. Mtasema Mama Hadija, dawa ni chache kweli, barua si uongo, na tukifungua kwa mtoto mmoja tunatupa tisa. Ni kweli, mtatupa tisa. Tupeni, mwandike, na mkuu akiuliza mwambieni aandike kwenye ripoti kwamba hizo ndizo gharama za kumfikia yule mmoja, ili anayegawa pesa za Leta aijue bei halisi. Akitaka kupunguza, anunue chupa ndogo, au awalipe watu wawafuate watoto majumbani asubuhi. Kazi hiyo ilifanywa bure na mchambua kahawa aliyefiwa. Na kwenye daftari pigeni mstari mpya kwa rula. Andikeni juu yake: Waliorudishwa. Mkilazimika kumrudisha mtoto, friji imekufa au dawa imekwisha, aandikwe kwa jina, na chini yake jina la aliyemrudisha. Wa kwanza naweza kuwajazia mimi. Divine, miezi tisa, Buterere, mara mbili. Hadija.

Sasa vipimo, kama nilivyoahidi. Claudine, mwambie fundi asikate mbao ndefu. Atengeneze kiti kimoja, chenye mahali pa kuegemea, upana wa mama mmoja aliyepakata mtoto mmoja. Namba asichore. Mama akikaa, fungueni.